Neno Alilolileta Mjomba kutoka Vugiri

Mama alitufundisha kukataa chakula kabla hatujajua kusoma. Ukifika nyumba ya watu ukawakuta wanakula, unaambiwa karibu, unasema nimeshiba. Unaambiwa karibu tena, unasema ahsante, nimetoka kula sasa hivi. Mara ya tatu ndipo unanawa mikono, unamega tonge dogo kama mtu anayewasaidia wenyeji kumaliza ugali wao. Aliyenawa mara ya kwanza aliitwa mroho, na jina hilo lilimfuata mpaka akawa na wajukuu. Kwetu Handeni njaa ya mtu ilikuwa siri yake, hata mwaka ule wa ukame tulipokula unga wa njano wa msaada na kila mmoja alijua kwamba mwenzake hajashiba.

Nimeanza na chakula kwa sababu Kiingereza nilikisoma na adabu hiyohiyo tumboni. Nilikisomea Korogwe, bwenini, miaka michache baada ya Uhuru. Kabla ya hapo nilikuwa natoshwa na neno moja tu: sana. Napenda sana, naogopa sana, nataka sana. Ukitaka kuongeza moto unavuta sauti, saaana, na aliye karibu nawe anaelewa. Kumbe Waingereza wana maneno chungu nzima ya kupimia kutaka kwa mtu, kila moja na uzito wake, kama yale mawe ya mizani katika maduka ya Wahindi pale mjini. Kuna la kutaka kidogo, la kutaka kiasi, la kutaka kwa hamu, la kutaka kufa na kupona. Niliyashangaa, nikayapenda, nikayakariri yote. Kuyatumia sikuyatumia, maana sikuwa na mtu wa kumwambia ninachotaka.

Nilipomaliza chuo cha ualimu nilipangiwa kijiji kimoja cha ujamaa, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka barabarani Mkata. Kijiji kilikuwa kipya. Watu walikuwa wametolewa huko walikozoea, kila ukoo na kilima chake, wakapangwa kwa mistari kama mahindi. Walikuwa wamezoea jirani wa kumwona kwa moshi tu, sasa wakawa wanasikia jirani akikohoa. Mimi pia nilimsikia wangu. Nilikuwa na vyumba viwili vya udongo, kitanda cha kamba, sufuria moja, na jioni ndefu. Watu waliniheshimu. Walinisalimia kwa mbali, mwalimu hujambo, wakapita na majembe yao, na wakishapita mazungumzo yao yalianza upya. Sijawahi kuishi karibu na watu wengi kiasi kile, na sijawahi kuwa mpweke kiasi kile.

Mwaka wa pili akaja mwalimu mwingine, msichana wa Kishambaa kutoka Vugiri, huko juu milimani. Alikuja na sanduku la bati na sweta, akashangaa joto letu, akalikunja sweta akalifanya mto. Yeye alipewa Kiingereza cha darasa la saba, mimi cha darasa la sita. Kamusi ilikuwa moja, haina jalada, na inakaa kwa mwalimu mkuu. Tuliiazima kwa zamu, halafu tukaona ni rahisi zaidi kuiazima pamoja.

Yeye ndiye aliyeleta wazo la ngazi. Watoto walikuwa wanaandika "very" kila mahali, na mtihani ulikuwa unawataka wachague. Akachora ngazi ubaoni, ngazi ya kawaida ya kupandia darini, na kila kipago akakipa neno. Chini kabisa "fairly", juu yake "quite", halafu "rather", halafu "very". Kutoka hapo joto linaanza: "keenly", "eagerly", "dearly", "badly", na juu kabisa, ambako ukisimama unagusa makuti, "desperately". Watoto wakagoma kwenye "badly". Walisema anayetaka kitu vibaya ni mwizi. Akawauliza kama kwao hawasemi njaa inaniuma vibaya. Wakakubali, wakacheka, na neno likabaki kwenye kipago chake.

Mimi na yeye tulikuwa tunagombania vipago hivyo kila jioni barazani shuleni, mpaka watu wazima walipoanza kufika na vibao vyao vya kuandikia kwa ajili ya kisomo. Tulitafuta kila neno mtu wake pale kijijini. "Fairly" tulimpa balozi wetu wa nyumba kumi, kwa jinsi alivyokuwa akienda shamba la kijiji. "Eagerly" tuliwapa watoto wakingoja kengele ya kutokea. "Desperately" yeye alimpa mama mmoja ambaye mtoto wake alishikwa na degedege, akakimbia naye mpaka zahanati ya Mkata bila viatu na bila kitambaa kichwani, na watu wakamwona hivyo.

Mimi nililipinga hilo la juu. Nilisema si neno la kumpa mtu, ni neno la aibu, la mtu aliyevuliwa nguo mbele za watu. Yeye alisema kweli inakaa huko juu, na anayeogopa kupanda asiseme ameiona. Nikamwambia haraka haraka haina baraka. Akaniambia mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tungeweza kuendelea hivyo mpaka usiku uingie. Waliopita njiani walisikia Kiingereza na sauti za juu, wakaenda kusimulia kwamba walimu hawaelewani.

Tulielewana. Nilimpenda, na nalisema hivi kwa urahisi leo kwa kuwa hayupo wa kunisikia. Nilipenda alivyokuwa anakunja uso akitafuta neno, na alivyokuwa anasema "hapana, Mwalimu" kabla sijamaliza sentensi. Kiingereza, ambacho kwangu kilikuwa somo la kukaa nalo peke yangu, kikawa chumba cha watu wawili. Ukuta wangu wa udongo ulikuwa palepale na jirani alikohoa palepale, lakini jioni hazikuwa ndefu tena.

Jioni moja alinisimulia habari za dada yake. Dada huyo aliposwa kama inavyotakiwa. Mshenga alipanda Vugiri akaeleza jinsi kijana anavyoteseka, hali chakula, halali usingizi, anamtaja binti hata ndotoni. Wazee walifurahi, binti akakubali, harusi ikafanyika. Huko alikokwenda akakuta mtu mpole ambaye hakuwa na habari naye. Alikuwa ameambiwa aoe, akaoa. Maneno yote yale yalikuwa ya mshenga.

"Mshenga simlaumu, ile ni kazi yake," aliniambia. "Ila mimi nitaamini njaa ya mtu nikiisikia kwa mwenye njaa mwenyewe."

Nilimsikia vizuri. Nililiweka neno lake pale ambapo tunaweka maneno ya watu wa makabila mengine, mahali pa vitu vya kustaajabia. Kwetu sisi Wazigua kijana hamwambii binti kwamba anamtaka. Anamwambia mjomba wake, kwa kuwa mjomba ndiye mwenye mtoto, na mjomba ndiye anayekwenda kwa wakubwa wa binti na maneno ya moto. Kijana mwenyewe kazi yake ni kukaa kimya kama mtu ambaye hajui posa ni ya nani. Akijisemea mwenyewe, watu watauliza kwani hana kwao? Nilikuwa tayari nimepanga kwamba mavuno yakiisha nitakwenda kwa mjomba. Nilikuwa nayahesabu mahindi ya kijiji kuliko hata katibu wa kijiji.

Kabla ya mavuno ikaja nafasi ya uhamisho. Shule moja ya Mkumbara, kule kwenye barabara ya Moshi, ilihitaji mwalimu wa Kiingereza, na afisa elimu alimuuliza mwenzangu kama angependa kusogea karibu na kwao. Hakulazimishwa. Alitakiwa tu kujibu ndiyo au hapana wiki ileile.

Siku aliyoniambia tulikuwa shamba la kijiji. Ilikuwa zamu ya walimu kupalilia pamoja na wanakijiji, wote kwenye mstari mmoja, bega kwa bega, majembe yanashuka pamoja. Mkono wangu wa kulia alikuwa yeye, na kwa kushoto mzee mmoja aliyekuwa anaimba. Nilikuwa nimechelewa kuanza kwa sababu nilikuwa nachagua jembe, na yeye akanitania kwamba mchagua jembe si mkulima. Halafu, bila kuinua kichwa, akahamia kwenye Kiingereza ili wenzetu wasielewe. Akanieleza habari za Mkumbara. Akasema angeweza kwenda na angeweza kubaki, na kwamba hajali joto letu tena. Kisha akaniuliza, waziwazi, kama mimi nataka abaki.

Nilisikia moyo unapiga mpaka kwenye mpini. Ngazi yote ilisimama mbele yangu na maneno yake. Nililiona lile la juu kabisa na nililijua kuwa ndilo langu, silo lingine. Nikaliona na aibu yake. Niliwaona watu mstarini, ingawa hawakuelewa neno, na nikamwona mama na mkono wangu unaotaka kunawa mara ya kwanza. Nikakumbuka kwamba maneno ya moto yana mwenyewe, ni mjomba, na kwamba nikiyasema mimi hapa shambani nitakuwa nimeyamaliza kabla hayajafika kwa wazee wake. Basi nikashuka ngazi, kipago kwa kipago, nikitafuta neno la mtu aliyelelewa vizuri.

"I would rather like it," nilimwambia.

Yaani kama ni kupenda, ningependapenda. Jembe lake lilishuka na yetu, likapanda na yetu. Tulipofika mwisho wa tuta alikwenda kunywa maji na hakurudi tena kwenye nafasi yake karibu nami.

Na mimi, Mungu anisamehe, niliridhika. Nilijiona nimejibu kiungwana. Nilikuwa nimesema nimeshiba, sasa nangoja nikaribishwe mara ya pili. Nilingoja siku ile, nikangoja kesho yake barazani, kamusi iko magotini. Alikuja, akasahihisha madaftari, akaniuliza habari za chaki. Siku ya tatu niliambiwa na mwalimu mkuu kwamba mwenzangu amekubali kwenda Mkumbara. Kumbe Kiingereza kinakaribisha mara moja tu, ukisema umeshiba wanaondoa chakula.

Nilimbebea sanduku lake la bati mpaka Mkata. Njia nzima tulizungumza Kiswahili. Alisema atapita kwao Vugiri kwanza akakae na mama yake mpaka siku ya kuripoti Mkumbara. Basi la Korogwe lilipofika alinipa mkono, akaniambia niwaangalie wale watoto wa darasa la saba, wasiandike "very" kila mahali. Nikasema sawa, Mwalimu. Vumbi la basi lilipotua nilikuta nimesimama peke yangu na mchuuzi wa mihogo, ambaye aliniuliza kama nanunua.

Usiku huo huo sikulala kwangu, nililala kwa mjomba. Sikungoja tena mavuno. Mjomba alikuwa mtu wa maneno, mrefu, amekonda, na alikuwa amewaposea vijana wengi wa ukoo bila kukataliwa hata mara moja. Nilimwambia nimemwona binti wa watu. Akaniuliza kama namtaka kweli au ni ujana tu. Kwake yeye niliweza. Nilimwambia kila kitu kwa Kizigua, bila kuficha, kwamba nikimkosa sijui nitaishije na jioni zangu. Mjomba alitikisa kichwa kwa furaha. Maneno mazuri, alisema, nitayafikisha kama yalivyo.

Alisafiri na kanzu yake safi. Alilala Korogwe kwa ndugu, asubuhi akapanda milima kwa miguu kwa kuwa gari la kwenda juu lilikuwa limeharibika. Mimi nilikuwa nafundisha. Sikumbuki nilifundisha nini. Nilipika ugali usiku nikaula nusu, nikasikia jirani anakohoa, nikatamani hata kugonga ukuta nimwambie.

Aliporudi alikuja moja kwa moja nyumbani kwangu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaomba maji, akayanywa yote. Alikuwa na sura ya mtu aliyefanya kazi yake vizuri lakini hajui imezaa nini. Walimpokea kwa heshima, alisema. Dini ni moja, wazee hawakuwa na neno, wakasema tu kwamba binti yao amesoma na wangependa asikie mwenyewe. Akaitwa. Akaja, akaamkia, akakaa mkekani. Mjomba akayatoa yote, njaa yangu, usingizi wangu, jioni zangu, na mengine akaongeza ya kwake. Akina mama waliokuwa mlangoni walifuta machozi.

Binti alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akamwambia kwa upole kwamba maneno ni mazuri sana, ila hayo ni ya mzee. Ya mwenyewe ameshayasikia kwa kinywa cha mwenyewe, shambani, akiwa amesimama naye bega kwa bega. Akasema ana jibu moja tu la kumpa. Ni neno la Kiingereza, na akamwomba mzee alibebe hivyohivyo.

"Akanifundisha kulitamka," mjomba aliniambia. "Nikakosea, akanirudisha. Nikakosea, akanirudisha. Nimeshuka nalo mlima mzima, nimelala nalo Korogwe. Pale Segera mtu mmoja alinisalimia, likataka kunitoka, nikamwacha na salamu yake."

Akajiweka sawa kwenye kiti, akakohoa, akalisema.

"Rather."

Alilitamka vizuri kuliko wanafunzi wangu wote. Nje watu walikuwa wanapita kwenda kisomoni, nikawasikia wakisema mwalimu leo ana mgeni.

"Sasa maana yake nini, mwanangu?" akauliza. "Ni ndiyo au ni hapana? Maana nimelibeba kama yai, sijui ndani yake."

Ningeweza kumweleza. Nilimwangalia, vumbi limempanda mpaka kwenye nyusi, kanzu imeingia matope pindoni, nikaona siwezi.

"Ni neno la adabu, mjomba," nikamwambia.

Akaridhika. Alisema ameona kweli binti yule kalelewa vizuri, na kwamba hakuna posa inayojibiwa siku moja, tutarudi tena mavuno yakiisha. Ndivyo ilivyo desturi.

Alipolala nilitoka nikakaa kizingitini. Nilimjua yule mwalimu. Hakuwa amefunga mlango, kama angetaka kuufunga angesema hapana, na neno la hapana wazee wake wangelielewa. Alikuwa amesimama kwenye kipago kilekile nilichosimama mimi, ananitazama kama nitapanda. Ilibidi niende mwenyewe, kwa miguu yangu, nikaseme kwa mdomo wangu. Asubuhi nilimsindikiza mjomba, kisha badala ya kurudi shuleni nikashika njia ya Mkata. Basi la Korogwe lilikuja. Utingo alipiga ubavu wa gari akaniuliza, mwalimu, vipi, unakwenda? Nikamfikiria mjomba wangu, kwamba nikipanda leo Vugiri kujisemea, nitakuwa nimewaambia watu wote wa kule kwamba mzee yule si kitu na safari yake si kitu. Nikamwambia utingo namsubiri mtu.

Mavuno yalipoisha mjomba alivaa kanzu yake tena. Hakufika hata Vugiri. Aliishia Korogwe akarudi, maana huko ndiko alikopata habari kwamba binti ameshachumbiwa.

Nimefundisha miaka mingi baada ya hapo, Handeni na baadaye Korogwe, na kila mwaka kwenye silabasi lile somo lilikuwepo, likanifikia kama kodi. Nilichora ngazi ubaoni, nikaandika maneno, watoto wakagoma kwenye "badly", nikawajibu kama alivyowajibu yeye. Nilioa baadaye, kwa mshenga, mke mwema ambaye sasa amelala makaburini, na kwake nilikuwa yule mtu mpole aliyeambiwa aoe. Aliujua upole wangu, maskini, na hakuwahi kuulalamikia. Leo napika sufuria dogo. Jirani yangu ni kijana mstaarabu, jioni akinipitia dirishani ananikaribisha chakula, nami nasema nimeshiba. Vijana wa siku hizi hawakaribishi mara ya pili.

Habari za aliyemwoa yule mwalimu mwenzangu nilizipata kwa mwalimu mmoja wa Vugiri, tulipokaa pamoja kusahihisha mitihani. Alinisimulia kama kichekesho, bila kujua ananisimulia mimi. Alisema huyo bwana alikuwa dereva wa lori, hana hata mtu wa kumtuma. Alipanda mlima peke yake kwenye mvua, akaingia kwa wazee amelowa chapachapa, akamwambia binti mbele ya baba yake kwamba anamtaka na kwamba bila yeye hashuki. Vugiri nzima ilimcheka. Halafu walipomkaribisha chakula alinawa palepale, mara ya kwanza, akala mpaka akamaliza.